Baada ya Asante

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne katika kituo chetu cha redio, mhojaji wetu mkongwe wa wanamuziki atarudisha kitambulisho cha getini, atakabidhi ufunguo wa kabati ambalo halijawahi kufungika, na kustaafu rasmi. Kwenye barua za ofisi ana jina kamili lenye heshima zake zote. Kwenye korido anaitwa Swali Refu, na hilo ndilo analoliitikia haraka.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, fundi mitambo, kazi ya kuandika wasifu huu. Nilipouliza kwa nini asipewe mtu wa kalamu, mwenyekiti alinijibu kwamba mimi ndiye mfanyakazi pekee ambaye miaka yote hiyo sikuwahi kumkatiza Swali Refu akiwa anaongea. Ni kweli, lakini msinisifu kwa malezi mema. Nilikuwa upande wa pili wa kioo, na maikrofoni alikuwa nayo yeye.

Alianza kazi akiwa kijana mwembamba mwenye suruali pana miguuni, akisoma matangazo ya vifo na ya vitu vilivyopotea. Kwenye vifo alikuwa akiongeza rambirambi zake mwenyewe, kwa watu asiowajua hata kidogo, mpaka wafiwa wakapiga simu kuomba ataje tu saa ya mazishi maana waombolezaji wanachelewa. Mtu aliyepoteza pochi alijikuta akipewa nasaha hewani jinsi ya kutunza pochi ijayo. Meneja wa wakati huo, mtu mwenye busara na maumivu ya kichwa, akamhamishia kwenye kipindi cha muziki cha Jumamosi alasiri, akiamini kwamba huko nyimbo zitamziba mdomo.

Nyimbo zilishindwa. Kipindi kikapendwa, na wanamuziki wa pop na roki waliokuwa wakijaza viwanja wakaanza kupita kwenye studio yetu ndogo yenye kuta za sponji. Walikaa kwenye kile kiti chetu kinacholia kila mtu akikaa au akiinuka, wakahojiwa naye moja kwa moja hewani, na wasikilizaji wakasifu jinsi nyota wakubwa namna ile walivyokuwa watulivu na wanyenyekevu wakiwa kwetu. Picha zao ziko ukutani hadi leo. Mkizitazama vizuri mtaona kwamba katika kila picha nyota anaangalia saa yake, na Swali Refu kinywa kiko wazi.

Mwimbaji mmoja wa pop, aliyejulikana kila mahali kama Almasi, aliulizwa swali moja akaona lina safari ndefu. Akanionyesha kwa ishara kuwa anakwenda msalani. Nikamfungulia mlango, akaenda, akarudi, akajipaka poda, akakaa, na Swali Refu alikuwa bado yuko kwenye "na kwa kumalizia swali langu". Hakuwa amegundua kitu, kwa sababu akiuliza hufumba macho.

Nisije nikaonekana namcheka mwenzangu peke yake, niseme na habari za fundi. Siku za wageni wakubwa nilisuka nywele upya, nikavaa viatu vya kisigino na kujipulizia manukato, yote hayo ili nikakae gizani nyuma ya kioo. Siku moja nilitoka kwenda kuwaonya wageni wasijikwae kwenye waya wangu, nikajikwaa mimi, nikaangukia mapajani mwa mpiga besi wa bendi moja maarufu. Akauliza kwa upole kama mimi ni sehemu ya kipindi. Hiyo ilienda hewani, na mume wangu alikuwa anasikiliza.

Sasa lazima niwaeleze wageni wa hafla hii kuhusu kitufe, maana wenzangu wanakijua. Mtambo wetu wa kurekodi, ule wa kanda kubwa za mviringo, ulikuwa na kitufe cha kusimamisha ambacho hakikusikia kidole. Kilitaka ngumi. Ngumi hiyo ilitoa kishindo kilichopenya kioo, na mwimbaji mmoja alipokisikia aliruka na kikombe chake, chai yote ikaishia kwenye nguo ya onyesho la jioni ile. Tangu hapo tukawekeana sharti: kitufe hakigongwi mpaka mgeni awe ametoka nje ya jengo. Mtangazaji atasema asante, wimbo wa kufungia utakwenda hewani, watu wataagana, na mtambo utaendelea tu kurekodi studio yenye viti vitupu. Mafundi wa vituo vingine walituona washamba. Tuliomba mtambo mpya, tukajibiwa kwamba ombi linashughulikiwa, na nina hakika hadi leo linashughulikiwa.

Mwezi uliopita meneja wetu wa sasa aliamua kwamba Swali Refu aagwe kwa kipindi maalumu cha saa nzima, kilichokusanywa kutoka mahojiano yake ya zamani. Mwenyewe alifurahi kama bwana harusi. Hakuwa amezisikiliza kanda zile tangu siku zilipopelekwa maktaba, na kwa nini azisikilize? Alikuwepo. Alikumbuka kila kitu, na zaidi ya yote alikumbuka mahojiano yake na Ngurumo.

Ngurumo alikuwa mpiga gitaa wa roki, mtu wa kuvunja magitaa jukwaani na kupiga mateke spika. Akishuka jukwaani hakuzungumza na mwandishi yeyote. Alikubali kuhojiwa mara moja tu maishani, na ilikuwa hapa kwetu. Mwaka uliofuata alifariki, akiacha mkewe na binti ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kutembea. Miaka yote tangu hapo, kwenye chai ya saa nne, Swali Refu alikuwa akiinua kidole na kutuambia, "Ngurumo alinifungukia, bwana. Alinifungukia moyo wote." Nasi tuliamini. Mimi mwenyewe niliyerekodi niliamini.

Kipindi kilipotangazwa, mwanamke mmoja alipiga simu. Alikuwa yule binti, sasa ni mtu mzima, dereva wa gari la wagonjwa. Alisema anazo rekodi zote za baba yake, lakini katika rekodi zote baba ama anaimba ama anapiga kelele. "Sijawahi kumsikia akiongea tu," akasema, "kama watu wanavyoongea nyumbani." Aliomba kama angeweza kuja kuisikiliza kanda kabla haijarushwa. Meneja hajajibu, Swali Refu ameshamnyang'anya simu. "Njoo Alhamisi, binti yangu," akamwambia. "Utamsikia mpaka uchoke mwenyewe."

Jumatano asubuhi niliutoa mtambo wa zamani stoo, chini ya viti vibovu, kwa sababu ndio pekee unaoweza kucheza kanda zile. Swali Refu alikuja na chupa ya chai na miwani mipya. Kanda ikaanza. Ikasikika sauti yake ya ujana ikimkaribisha mgeni, ikieleza historia ya gitaa, ikieleza roki ina maana gani kwa vijana, ikimsimulia Ngurumo maisha ya Ngurumo, kisha ikamuuliza kama sivyo.

"Eeh," akasema Ngurumo.

Sauti ikashika njia tena, ikapita kwa babu yake aliyekuwa akipiga filimbi, ikarudi kwa kuzunguka, ikauliza. "Kabisa," akasema Ngurumo. Swali lililofuata lilikuwa refu kiasi kwamba Swali Refu aliyekuwa kando yangu alimimina chai, akaikoroga, akainywa yote, na swali lilikuwa bado linapanda mlima. "Hapo umenena," akasema Ngurumo, na hiyo ikawa hotuba yake ndefu kuliko zote.

Nilicheka, Mungu anisamehe, na papo hapo nikaadhibiwa. Ikasikika sauti ya mtu anatafuna karanga, kubwa kuliko ya mgeni. Nilikuwa nimesahau kuzima laini inayopeleka sauti ya chumba changu kwenye mtambo. Kwa hiyo katika mahojiano pekee ya Ngurumo duniani, anayeongoza kwa kusikika ni Swali Refu, wa pili ni karanga zangu, na Ngurumo mwenyewe anashika nafasi ya tatu.

Swali Refu akavua miwani. "Dada Fundi," akaniambia, "huyu anayeongea ni nani? Hana adabu. Mtoe." Nikamjibu kwamba nikimtoa huyo, kanda inabaki na karanga. Alijaribu kucheka akashindwa. Wote wawili tulikuwa tunawaza jambo moja. Kesho yake mtu angeacha kazi yake, angekuja mpaka pale, angevaa hedifoni ili asikie baba yake akiongea kama watu wanavyoongea nyumbani, na tungempa "eeh", "kabisa" na "hapo umenena".

Alisimama na simu mkononi, namba ya yule binti ikiwa mbele yake. Mtu aliyewahi kuwafariji wafiwa asiowajua alikosa pa kuanzia. Akanigeukia. "Nimwambieje?" akauliza. Katika miaka yote niliyomjua, lilikuwa swali lake fupi kuliko yote.

Kanda iliendelea. Sauti ya ujana ikasema, "Asante sana, mgeni wetu, kwa kutufungukia," na hapo fundi yeyote mwenye mtambo wa maana angebonyeza kitufe. Mimi wangu unataka ngumi. Nilimwangalia mzee wa watu ameinamisha kichwa, nikaona huu si wakati wa kumpigia kishindo. Nikaacha.

Kiti kikalia. Zikasikika hatua za Swali Refu zikitoka mbio, na sauti yake huko koridoni ikimwambia mtu kwamba Ngurumo amemfungukia. Kisha ile sauti ya simu ya zamani, ya kuzungusha tarakimu kwa kidole. Nikakumbuka: aliniuliza kwa ishara kama anaweza kutumia simu ya studio, nikaitikia kwa kichwa, nikavua hedifoni nikageuka, maana si vizuri kusikiliza simu ya mtu. Mtambo haukuwa na adabu hizo.

"Haloo, mama mtoto," akasema Ngurumo, kwa sauti ya chini tuliyokuwa hatuijui. "Amekula? Uji wote? Safi sana. Hebu mwekee simu sikioni." Akasubiri kidogo. "Mama. Mama yangu mdogo. Ni baba huyu. Baba yuko kwenye chumba kimoja hivi, kuta zake zina magodoro, ungelia humu mpaka ukome na jirani asisikie. Kuna mjomba mmoja hapa anaongea, mwanangu, we acha tu. Ananiuliza swali, analijibu mwenyewe, halafu ananishukuru mimi. Ni mtu mzuri lakini. Nimemwangalia nikasema huyu nitamleta nyumbani aje akubembeleze, maana wewe usingizi hutaki." Akacheka, kicheko chembamba ambacho hakimo kwenye rekodi yake yoyote. "Haya, nakuja. Usilale kwanza. Nakuja sasa hivi."

Simu ikakatwa, kiti kikalia, mlango ukafungwa. Swali Refu alikuwa ameanza kucheka kwenye "mjomba", akaendelea kucheka mpaka machozi, na kicheko kilipokwisha machozi yalikuwa bado yapo. Simu bado ilikuwa mkononi. Aliirudisha mahali pake polepole.

Meneja alipoisikia jioni, alipendekeza kwa heshima ya mstaafu tuondoe maneno ya mjomba, tubakize ya uji. Swali Refu alikataa katakata. "Nikateni mimi," akasema. "Yeye msimguse hata pumzi."

Alhamisi binti alikuja na sare yake ya kazi, gari la wagonjwa likiwa limeegeshwa kwenye nafasi ya gari la meneja. Alimwamkia Swali Refu "Shikamoo mzee" na kukaa kwenye kiti kile kile. Nilikuwa nimemtayarishia kipande cha simu tu, lakini Swali Refu alitaka asikie kwanza na mahojiano yenyewe, ili ajue baba yake alivumilia nini. Alisikiliza "eeh" na "kabisa" akiwa ametulia. Zile karanga alizipita kistaarabu. Ilipofika ile simu, alishika hedifoni kwa mikono miwili. Kwenye mjomba akacheka, na sisi nyuma ya kioo tukatazamana, kwa sababu kilikuwa kicheko kile kile chembamba. Akaomba irudiwe. Nikarudia. Akaomba tena.

Kisha akatoa simu yake akampigia mama yake, akaweka sauti ya wazi ili na sisi tusikie. Akamuuliza kama anakumbuka siku baba alipokwenda redioni, akapiga simu na kusema mtoto asilale.

"Siku ya mjomba wa redio?" mama akajibu. "Nitaisahauje? Alirudi anacheka tangu getini. Na wewe hukulala. Alikukuta macho kodo, unamngoja."

Binti aliikumbatia ile simu kifuani. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Alipoinuka alitoka studio akaja mpaka upande wetu wa kioo, akasimama mbele ya Swali Refu. "Shikamoo, mjomba," akasema. "Kumbe ni wewe."

"Marahaba," akajibu Swali Refu. Nilisubiri maelezo yafuate, kwa mazoea. Hayakufuata.

Baada ya hapo tulizitoa kanda zote rafuni na kusikiliza mikia yake, ile sehemu inayokuja baada ya asante, ambayo kwa miaka mingi nilidhani ni sauti ya viti. Almasi anasikika akiomba sindano na uzi, na huku akishona pindo anamweleza msaidizi wake kwamba wimbo wake uliopendwa kuliko yote, ambao watu wameufungia ndoa, aliutunga akiwa na hasira na jirani aliyemwanikia nguo mbele ya dirisha. Bendi moja nzima inagombana kuhusu nani alikaa kiti cha mbele wakati wa kuja. Yule mpiga besi naye anauliza kama yule dada aliyeanguka hakuumia. Sehemu hiyo nimeirudia mara nyingi, kwa sababu za kiufundi.

Kipindi kilirushwa Jumapili iliyopita kwa jina la "Baada ya Asante". Swali Refu alikata maswali yake yote kwa mkono wake mwenyewe, akabakiza sentensi moja ya kufungua na moja ya kufunga. Wasikilizaji kadhaa walipiga simu kuuliza kama anaumwa. Mkewe, mwalimu wa hesabu na mtu mwenye subira iliyopimwa, alipiga pia. Alisema amefurahi sana, na kwamba tangu siku ya harusi yao yeye ndiye anayesema "eeh", "kabisa" na "hapo umenena", kwa hiyo alimhurumia Ngurumo kama ndugu yake.

Katika utumishi wake, Swali Refu alifundisha watangazaji wengi wa kituo hiki, na jambo alilosisitiza kuliko yote ni kuuliza maswali mafupi. Walijifunza vizuri, maana walikuwa na mfano hai wa kuukimbia. Cheti chake cha Mhojaji Bora kinabaki ukutani. Ameomba chini yake tuandike kwa kalamu ya risasi, "akiwa nje ya chumba". Binti wa Ngurumo amethibitisha kuhudhuria hafla, na ameahidi kutopiga king'ora mpaka keki ikatwe.

Kaka Swali Refu, umenitania, umenifundisha kazi, na umenizuia kwenda nyumbani mapema zaidi ya mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Mimi na wenzangu tunakushukuru kwa miaka yote uliyotupa. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na wajukuu wasiopenda kulala, ili kipaji chako kipate kazi. Nenda ukapumzike kwa amani na mwalimu wetu wa hesabu, naye mwachie zamu mara moja moja.

Hafla itakapofika mwisho, meneja atasimama na kukuambia asante kwa niaba yetu sote. Usinyanyuke haraka. Nimeuhamisha ule mtambo kutoka studio, nimeuweka nyuma ya pazia la ukumbi, na kanda mpya imeshavishwa. Keti, ongea unachotaka, kwa urefu unaotaka. Kitufe sitakigonga mpaka nikuone umetoka getini.